Kaka, siku ya hitma simu ilikuwa haijakatwa

Assalam aleikum kaka.

Wifi kanitumia voisi juzi, dakika nne nzima anazunguka weee, mwisho ndo akasema binti yenu kamaliza form six EGM kama mimi na anataka kusoma takwimu bima, zile hesabu za kupima hatari kwenye bima, eti shangazi ndo anajua. Nikaisikiliza mara mbili, mara ya pili nikakusikia kwa nyuma unakohoa. Kumbe ulikuwepo hapo hapo. Si ungeongea mwenyewe?

Sawa, nitajibu. Ila naandika huku manake kwenye simu mimi na wewe tukianza hatumalizi, na kuna kitu nimekaa nacho tangu arobaini ya baba.

Siku ile huku Des Moines, Marekani, ilikuwa saa mbili asubuhi, nimetoka shifti ya usiku ya kulea wazee, yunifomu sijavua. Ukanishikia vidio kol nikasalimia watu, dua ikasomwa, alafu ukaiweka simu pale dirishani ukasahau kukata. Mi nikawa naona dari tu, ile silingibodi yenye doa la maji, na pangaboi linazunguka. Nasikia masinia yanapita. Ba'mdogo akauliza hivi huyu mtoto anasoma nini huko mpaka kashindwa kuja kumzika baba ake. Ukajibu, na nakumbuka neno kwa neno: "Yuko chuo cha kata cha Marekani, anasomea kuhesabu maiti." Watu wakacheka. Kwenye hitma ya baba, kaka.

Sikukata. Nilikaa kwenye gari naangalia pangaboi mpaka chaji ikaisha.

Chuo cha kata. Angesema mtu mwingine ningeacha ipite, lakini wewe ndo ulinitoa shule ya kata, ukanilipia ada ya bweni miaka miwili kwa hela ya bodaboda, mvua inanyesha na wewe uko kijiweni, na mpaka leo nikiomba dua naanza na wewe. Kwa hiyo unajua vizuri lile neno linakata wapi. Ulilichagua.

Haya, mwambie binti hivi. Huku kuna vyuo vya jamii, unasoma miaka miwili ya mwanzo kwa ada nafuu alafu unahamisha krediti zako kwenda yunivasiti kumalizia digrii. Takwimu bima yenyewe vingi havina kama digrii, unachukua hesabu: kalkulasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, takwimu, uchumi, uhasibu. Kabla hujachukua kozi yoyote ukaulize yunivasiti unayoenda kama wataipokea, mi nilipoteza muhula mzima kwa sababu mshauri mmoja wa chuo aliniambia kozi inahama na ikakataliwa. Anayekufanya uwe mtakwimu bima huku sio chuo, ni mitihani ya chama, Society of Actuaries. Wa kwanza ni P, wa uwezekano, maswali 30 kwa masaa matatu, maksi zinatoka sifuri hadi 10 na 6 ndo kufaulu. Watu wa fani wanasema kila saa moja ya mtihani uisomee masaa 100. Kukaa kwenye huo mtihani hawakuulizi digrii. Kuna na masomo matatu ambayo chama kinataka uwe umesoma darasani, uchumi, uhasibu na fedha, na takwimu za kihisabati, na kozi ya chuo cha jamii kama wameiidhinisha na ukapata B- kwenda juu wanaihesabu sawa tu na ya yunivasiti kubwa. Mi nimezipata mbili hapa hapa kwenye hicho chuo cha kata.

Na kuhesabu maiti, ndio, tunahesabu. Edmond Halley, yule mwanafalaki mwenye ile nyota yake yenye mkia, mwaka 1693 alichukua hesabu za waliozaliwa na waliozikwa mji wa Breslau huko Ulaya akatengeneza jedwali la kuonyesha mtu wa umri fulani ana uwezekano gani wa kufika mwakani, na bima ya maisha imesimama hapo. Mji huu niliopo umeshiba kwa kazi hiyo, mfanyabiashara mmoja, Hubbell, alianzisha kampuni ya bima ya maisha hapa mwaka 1867, saivi nikipanda basi napita chini ya ghorofa za kampuni za bima kila siku. Baba na lile daftari la madeni la dukani alikuwa anafanya nini? Si alikuwa anajua nani wa kukopeshwa kilo ya sukari na nani apewe robo? Wewe ndo ulikuwa unanisomea yale majina.

Kuna siku mwalimu alifungua jedwali la vifo la Marekani ukutani, akawa anashusha kalamu umri kwa umri. Alipofika mwanaume wa miaka 71, kwa wastani amebakiza kama miaka 13. Baba alikuwa na 71. Nilitoka nikaenda chooni nikafungulia maji.

Kuhusu mazishi sasa. Amefariki jumanne, mmezika jumatano adhuhuri, na ndivyo inavyotakiwa. Kutoka hapa mpaka Tanga, ndege tatu na basi, ni zaidi ya siku nzima, hata ningetoka dakika ile ile ningekuta udongo umekauka. Ijumaa nikaenda kufanya mtihani wa P. Ndio, nilifanya, na ulikuwa umeshalipiwa kwa ovataimu yangu, sio kwa hela ya hitma, ya hitma nilituma kama tulivyokubaliana. Skrini ikaandika nimefaulu, nikatoka nje nikakupigia wewe wa kwanza. Ukakata. Ukaandika "tuko kwenye kisomo". Basi.

Binti asikimbilie huku. Mi nilikuja na grinikadi ya bahati nasibu, nalipa ada ya mkazi na nafanya kazi popote. Yeye ingebidi aje na viza ya mwanafunzi, ada ya mgeni iko juu, na kazi muhula ukiwa unaendelea ni ndani ya chuo tu, masaa 20 kwa wiki. Chuo Kikuu cha Dar, Mlimani, digrii hiyo ipo. Aanzie pale huku anajiandaa na P, alafu tuongee. Najua utasema namzibia mtoto riziki. Simzibii, ni damu yangu, nitamlipia mtihani wa kwanza mimi.

Kalkuleta yangu naituma na mtu anayekuja mwezi wa 12, ile BA II Plus niliyofanyia FM, mtihani mwingine wa chama, wa hesabu za fedha, kitufe cha CPT kimefutika maandishi ila kinafanya kazi. Mpe. Na wewe kaka ukiwa tayari nipigie, saa yoyote, hata nikiwa shifti nitatoka. Ila simu uishike mkononi.