Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Salamu za Sikukuu na Daftari Letu

Ndugu wanachama, tuliosoma pamoja, mlioko Amu (Lamu), mlioko bara na mlioko ng'ambo,

Assalamu alaikum, na salamu njema kwa wote.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na ya harusi na misiba yako kwa katibu. Mimi nitashika jambo moja tu, salamu za sikukuu, kwa kuwa ndilo lililoila kamati muda mwingi na ndilo wengi wanaloliona jepesi. Msimamo wa kamati ni huu: salamu inayohesabiwa ni ile iliyomfika mtu kwa jina lake naye akaijibu. Picha ya mwezi na kuba la dhahabu iliyotupwa kwenye kundi hatuihesabu, hata ikiwa nzuri vipi. Salamu ndiyo rejista yetu. Asiyejibu Idi mbili mfululizo ama amebadili namba, ama anaumwa, ama ana jambo asilotaka kulisema mbele ya watu, na yote matatu yanatuhusu.

Nianze na daftari, maana hapo ndipo penye kasoro nyingi.

Daftari la zamani lilikuwa na jina na namba ya simu, basi. Mji huu una kina Fatma na Mohamed wa kutosha kujaza madarasa yote, kwa hiyo jina moja au mawili hayamtambulishi mtu. Sasa kila mstari una majina matatu, jina la utani la shuleni (kwa idhini ya mwenyewe, kuna wasiotaka kulisikia tena), mtaa au kijiji, namba mbili za simu, na jina la jamaa mmoja wa nyumbani ambaye hahami hami. Huyo jamaa ndiye anayetuokoa. Mtu hubadili laini, lakini dada yake aliyeko Langoni hubaki pale pale.

Namba ziandikwe zikianza na +254, na sifuri ya mwanzo iondolewe. Iliyoandikwa 07 hupigika ukiwa Kenya. Aliyeko Maskati akiihifadhi hivyo haimpati mtu, wala WhatsApp haimwonyeshi. Wa Oman ni +968, wa Imarati +971, wa Saudia +966, wa Uingereza +44. Namba zinazoanza na 01 ni halali kama za 07, zimekuwa zikitolewa tangu 2019, msizikatie mkidhani ni za matapeli.

Kosa linalojirudia ni namba iliyokufa ikafufuka. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hurudishwa na kampuni na kupewa mtu mwingine, nasi tukaendelea kumwombea heri mtu tusiyemjua, naye akajibu "amin" kwa adabu zake. Ndiyo maana tunataka jibu lenye jina. Njia nyingine ya kuhakiki, kwa namba za M-Pesa, ni kuanza kutuma fedha kwenye programu ya simu: jina la mwenye namba hutokea kabla hujaweka namba ya siri. Ukishaliona, toka. Likiwa si la mwenzetu, weka alama ya kuuliza kando ya mstari na umpigie yule jamaa wa nyumbani.

Daftari haliwekwi kwenye kundi. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na hata isingekuwapo, namba ya dada wa watu si ya kuanikwa. Kila msambazaji, yaani mwanachama anayepeleka salamu, anapewa majina yake 12 tu, si kurasa zote.

Kwa nini 12? Simu ya salamu iliyo kamili huchukua dakika kama tatu: kujuliana hali, wazazi, watoto, kuagana. Mara 12 ni dakika 36, kazi ya kikao kimoja baada ya alasiri. Ukimpa mtu 30 atapiga kumi, na 20 atawatupia picha.

Siku ya kutuma

Ramadhani ni siku 29 au 30, na usiku wa kuamkia 30 ndio wenye matatizo. Wapo wanaofuata tangazo la Kadhi Mkuu, wapo wanaofuata Makka, na walioko Oman wana tangazo lao. Kwa hiyo kuna miaka darasa moja huwa na Idi mbili. Anayetuma "Idi mubarak" saa tatu usiku kwa mtu ambaye kesho yake bado amefunga anamkera, na kumkera mtu aliyefunga siku ya 30 si jambo dogo. Utaratibu: salamu hazitumwi usiku wa mwezi. Msambazaji anasubiri asubuhi, baada ya swala, na anaanza na wale anaojua wameshaswali. Wengine ni kesho yake. Idi ya Mfunguo Tatu ni nyepesi kidogo, kwa kuwa mwezi umeshaandama siku kumi nyuma na kila mtu anaijua siku yake.

Saa nazo ziandikwe kwa maneno. "Saa 3" kwa aliyeko Amu ni asubuhi baada ya chai. Kwa mtoto wa mwenzetu aliyekulia London na anayemsomea mamake ujumbe, ni alasiri. Andika "saa tatu asubuhi, saa za Kenya". Dubai na Maskati wametutangulia saa moja, Jidda tuko sawa, London wako nyuma yetu saa mbili au tatu kufuatana na msimu. Toronto wako nyuma saa saba, au nane wakati wao wa baridi, hivyo ukipiga saa tatu asubuhi unamwamsha mtu usiku wa manane. Hao wapigiwe baada ya magharibi.

Meseji ya kawaida

Wenzetu wengi wa Kiunga, Ndau na vijiji vya ndani hawana mtandao wa kutegemewa, na wengine hawataki simu kubwa. Hao tunawatumia meseji. Meseji moja ina nafasi 160, kwa herufi za kawaida. Ukitia herufi moja ya Kiarabu au kipicha kimoja cha mwezi, nafasi zinashuka hadi 70, na ujumbe mrefu hukatwa vipande vya 67, kila kimoja kikilipiwa. Hata alama ya ng' huleta balaa kwenye simu zinazoipinda zenyewe, kwa kuwa ile iliyopinda haimo katika herufi za kawaida. Kamati imekubali maneno haya:

"Salamu za Idi kutoka kwa wenzako wa shule. Twakuombea afya na heri, wewe na wa nyumbani. Nijibu kwa jina lako kamili na mtaa ulipo."

Hizo ni nafasi 131, zikibaki 29 za kuandika jina lako. Ukipamba kwa mwezi na nyota, meseji moja italipiwa kama tatu. Tafadhali msiongeze.

Wanaotumia WhatsApp wajue kwamba orodha ya matangazo huchukua watu 256, lakini inamfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako. Wengi hulalamika "nilituma wala hakujibu", na kumbe hakuipata. Ujumbe wenye mishale miwili umeshapita mikono mingi, na simu haikuruhusu kuupeleka zaidi ya mahali pamoja kwa wakati mmoja. Mwenzako akiiona mishale hiyo anajua hukuandika wewe.

Jambo ambalo nalisema kwa ukali kidogo: salamu na mchango visikae katika ujumbe mmoja. Salamu ikishawekewa namba ya Paybill chini yake, imekuwa bili. Watu wameacha kufungua ujumbe wa kundi kwa sababu kila "Idi mubarak" ina "tukumbuke ule mchango". Michango ina siku zake, nayo itangazwe angalau wiki moja kabla ya sikukuu au wiki moja baada yake. Mkono wa Idi kwa watoto wa wenzetu waliofariki ni suala jingine. Hupelekwa kwa mlezi kimya kimya, na risiti huonyeshwa mweka hazina peke yake. Ukikosea namba unapotuma fedha kwa M-Pesa, usimwombe mgeni aliyezipokea akurudishie. Peleka ujumbe wa muamala kwa 456 papo hapo, kabla fedha hazijatolewa.

Kadi na mashua

Walimu wetu waliostaafu wanapelekewa kadi ya mkono. Wako wanaoona ni gharama ya bure. Mimi naona mzee asiyeisoma simu bila miwani ya mjukuu anastahili kitu cha kuweka juu ya kabati. Posta hapa haileti barua mlangoni, kwa hiyo kadi ya posta bila namba ya sanduku haina pa kwenda. Lamu ni 80500, Malindi 80200. Kwa Mkomani, Langoni na Gadeni hatutumii posta, tunaandika mtaa, msikiti ulio karibu na jina la mwenye nyumba, kijana anapeleka.

Za Faza, Siyu na Kizingitini zinapanda mashua, na hapa kalenda ya mwezi ndiyo bwana. Idi ya Mfunguo Mosi huangukia mwezi mchanga, yaani bamvua: maji hujaa sana alfajiri na jioni, na katikati ya asubuhi yamekupwa kabisa. Mashua inayongoja swala imalizike ndipo ing'oe nanga itaukuta mlango wa bahari wa Mkanda hauna maji ya kupita, na kadi zitafika usiku au kesho. Bahasha zikabidhiwe nahodha siku mbili kabla, zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kwa kuwa maji ya chumvi hufuta wino. Idi ya Mfunguo Tatu huja na maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, lakini Mkanda haujai vizuri siku hizo, kwa hiyo nahodha wa mashua nzito aulizwe mapema.

Mwenzetu aliye edani hapelekewi kadi ya furaha. Wanaomtembelea ni akina dada wa darasa, wanaume hutuma salamu kupitia kwao. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na mshika daftari ataweka alama ili asije mtu akamtumia picha ya fataki.

Krismasi na mwaka mpya

Tuna wenzetu wa Mpeketoni, Witu na Malindi ambao wao ni Krismasi. Wako Waislamu wasioona vibaya kuwapa salamu, na wako wasiotaka kwa sababu za dini yao. Kamati haitalazimisha mtu. Wanaojitolea ndio wanaopewa majina hayo, na ujumbe unasema "heri ya sikukuu na mwaka mpya". Upande wa pili, wenzetu Wakristo wamekuwa wepesi wa salamu za Idi kuliko sisi tulivyo kwao Desemba, na hilo liingie kwenye kumbukumbu za mkutano.

Picha za zamani

Wengi hupenda kuambatanisha picha ya darasa. Ipigeni karibu na dirisha, kivulini, bila taa ya simu, kwa sababu taa huacha doa jeupe kwenye nyuso. Itumeni kama faili, si kama picha, maana WhatsApp huifinya hadi nyuso za mstari wa nyuma zisitambulike. Majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini, kuanzia kushoto, mstari wa waliokaa kwanza. Kalamu ya wino hupenya na kutokea mbele. Picha zilizoganda kwenye albamu za gundi, kwa unyevu wetu huu, msizivute kwa nguvu. Piga picha ukurasa mzima ulivyo. Na kabla ya kusambaza, ulizeni. Dada aliyepigwa akiwa na sare kichwa wazi huenda leo hataki picha hiyo izunguke, na jibu lake likiwa hapana, ifutwe pasipo mjadala.

Utapeli

Msimu wa sikukuu ndio msimu wao. Mtu akikuomba "ile namba ya tarakimu sita iliyokujia kimakosa", anataka kuiteka WhatsApp yako, na saa moja baadaye wenzako wataombwa fedha za hospitali kwa jina lako. Tarakimu hizo hazipewi mtu yeyote, hata awe mimi. Fungueni uthibitishaji wa hatua mbili kwenye mipangilio ya akaunti, na ombi lolote la fedha lisilipwe kabla ya kusikia sauti ya mwenyewe kwa simu. Ujumbe wa sauti hautoshi.

Mambo ya kupigiwa kura leo ni matatu: kila msambazaji abaki na majina 12, picha za kusambazwa zizuiwe kwenye kundi kuanzia siku moja kabla ya sikukuu hadi siku mbili baada yake, na mshika daftari awe mtu aliyeko Amu, si ng'ambo, kwa kuwa ndiye anayeweza kubisha hodi. Fomu za kusahihisha majina ziko mezani kwa katibu. Mlioko mbali mtampelekea yeye moja kwa moja, si kupitia kundi, na mkumbuke kuandika jina la yule jamaa wa nyumbani.