Hospitali ipimwe pia na aliyeondoka foleni

Mhariri,

Mwezi uliopita nilimpeleka mamangu kliniki ya presha. Kwenye benchi yetu aliketi dada mmoja aliyejitanda leso, homa imemshika hadi meno yanagongana. Zamu yake ilipofika, karani akasoma kwa sauti jina lililo kwenye kitambulisho: jina la kiume, pamoja na la baba. Hakuna aliyeinuka. Akarudia, sasa amesimama, anatutazama mmoja mmoja. Dada yule akaikunjakunja tikiti yake hadi ikawa kama punje, akatoka nje bila kutibiwa. Nyuma yetu watu wakacheka.

Nchini Marekani, shirika la kutetea haki liitwalo Human Rights Campaign limekuwa likipima hospitali tangu 2007: je, zina sera ya kuwalinda wagonjwa waliobadili jinsia, na wahudumu wamefunzwa? Ni jambo jema, na laiti lingeigwa kwetu. Lakini anayejaza fomu ya upimaji huo ni hospitali yenyewe, na sera iliyo kabatini haimzuii karani kupaza sauti. Wagonjwa wenyewe walipoulizwa, mambo yalikuwa mengine. Katika utafiti wa 2015 uliohusisha watu 27,715 waliobadili jinsia nchini humo, asilimia 23 walisema kwamba katika mwaka mmoja walihitaji daktari wasiende, kwa kuhofia kudhalilishwa. Hao hospitali itawajuaje, ikiwa hawakufika mlangoni?

Hapa Kenya, Katiba katika kifungu cha 43 inampa kila mtu haki ya huduma bora ya afya. Najua kubadilisha stakabadhi si kazi ndogo. Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia, alilazimika kwenda Mahakama Kuu, na ni mwaka 2014 tu ndipo Baraza la Mitihani lilipoamriwa kubadilisha jina kwenye cheti chake cha sekondari na kuondoa alama ya jinsia. Wengi hawana nguvu za kesi kama hiyo, hivyo wanatembea na vitambulisho vya jina la zamani.

Basi naomba serikali za kaunti zinapokagua hospitali zisiishie kwenye vitanda na dawa. Wakaguzi wakae kwenye benchi la mapokezi asubuhi nzima, wasikilize watu wanavyoitwa. Wawatafute pia walioandikishwa kisha wakaondoka, wawaulize kwa faragha kilichowaondoa.

Tikiti ya yule dada niliiona kabla hajaikunja. Ilikuwa namba 46. Karani angeita namba, angeinuka.

Msomaji,
Mombasa