Tovuti ya vipepeo ianzie kwenye fomu

Mhariri,

Kikundi cha kuhifadhi vipepeo kikiamua kuboresha tovuti yake, kwa kawaida huanza na rangi, nembo na picha kubwa ya ukurasa wa mbele. Hayo yangoje. Kwanza itengenezwe fomu ya kuripoti kipepeo aliyeonekana, maana kosa la fomu huingia kwenye kumbukumbu, na likishazama humo ni kazi kulitoa.

Taarifa inayofaa ina mambo manne: nani aliona, aliona nini, wapi, lini. Likikosekana moja, fomu isikubali kutumwa. Tarehe ichaguliwe kwenye kalenda, isichapwe: 03/04 kwa mmoja ni tarehe 3 Aprili, kwa mwingine ni Machi 4. Mahali paonyeshwe kwa kugusa ramani. Mtu akiachiwa aandike viwianishi (namba za latitudo na longitudo) mwenyewe, aliye kusini mwa ikweta atasahau alama ya kutoa mbele ya latitudo na kipepeo wake ataruka hadi kaskazini. Nafasi zikiachwa wazi, baadhi ya programu huzijaza sifuri, na nukta 0,0 iko baharini, Ghuba ya Guinea. Ukiona vipepeo wa msituni wamerundikana pale, usimlaumu aliyeripoti.

Jina la spishi litoke kwenye orodha, la kisayansi likiwa kando ya la kawaida, na pawepo chaguo la "sina uhakika". Bila chaguo hilo watu hubahatisha. Mfano mzuri ni Danaus chrysippus na jike wa Hypolimnas misippus anayemwiga, kwa kuwa ndege humkwepa chrysippus kwa ubaya wa ladha yake. Wote wawili ni wa rangi ya chungwa, ncha za mabawa nyeusi zenye madoa meupe. Anayewatenganisha hutazama bawa la nyuma: chrysippus ana madoa meusi matatu au manne sehemu ya kati, misippus ana moja tu karibu na ukingo wa mbele. Kwa hiyo fomu iombe picha mbili, mabawa yakiwa wazi na yakiwa yamefungwa. Picha ya mbali ambayo ua limeziba bawa la nyuma haimsaidii mhakiki, hata ipendeze vipi.

Picha ya simu huwa na megabaiti kadhaa. Tovuti iipunguze yenyewe hadi pikseli 1600 kwa upande mrefu, JPEG ya ubora wa asilimia 80, huku ile ya asili ikihifadhiwa kando kwa ajili ya mhakiki. Na hapa vikundi vingi hujisahau: ndani ya faili la picha mara nyingi mna mahali ilipopigwa. Nakala inayoonyeshwa kwa umma ifutwe taarifa hizo, la sivyo unamwelekeza mkusanyaji wa vipepeo hadi mlangoni kwa spishi adimu. Ramani ya umma nayo ipunguze desimali za viwianishi vya spishi hizo: desimali nne ni kama mita 11, zinatosha kumfikisha mtu kwenye kichaka chenyewe, desimali mbili ni kama kilomita moja.

Kuna kitufe ambacho sijakiona kwenye tovuti nyingi: "nilitafuta, sikuona". Kiambatane na saa ya kuanza na ya kumaliza. Uingereza ina mpango wa kuhesabu vipepeo kwa kupita njia ileile tangu 1976, na mwelekeo wa miaka hauwezi kusomeka pasipo sifuri kuandikwa. Wanaoripoti vipepeo waliowaona tu huacha pengo ambalo hakuna hesabu ya baadaye itakayoliziba.

Mengine ni ya ofisini. Kikoa, yaani anwani ya tovuti, kisajiliwe kwa jina la kikundi, si la mwanachama aliyejitolea mwaka ule. Nenosiri liwe kwa watu wawili. Nakala rudufu ya kumbukumbu ipakuliwe kila mwezi na mtu ajaribu kuifungua, kwani faili lisilofunguka si nakala.

Kisha fomu ijaribiwe nje, juani, kwa simu ya bei ndogo na mkono mmoja. Ikichukua zaidi ya dakika mbili, maswali yapunguzwe. La kwanza kutoka liwe lile la "ulitufahamuje?"

Msomaji wako,
Mhakiki wa kumbukumbu za vipepeo