Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyeuliza tunafanya nini Nairobi

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, shemeji na wajukuu. Sisi huku Nairobi hatujambo, isipokuwa baridi ya Julai, ambayo ninyi wa Kibwezi hamuijui, imemwamshia shemeji yako maumivu ya magoti.

Ulipouliza mbele ya jamaa, kwenye matanga yale, wazee wawili wenye wajukuu wanatafuta nini katika nyumba ya kupanga huko Umoja, bila mshahara, ilhali shamba lao limeachiwa kijana wa kuajiriwa, nilikaa kimya kwa sababu hapakuwa mahali pake. Leo nakujibu, tena hadharani, kwa kuwa wapo wengi wanaouliza kama wewe. Isitoshe, nimesikia kwamba tangu shemeji astaafu mmekuwa mkizungumza usiku kuhusu kutumikia misheni ya kanisa kama sisi, na kinachowazuia ni kutojua juma lenyewe linapitaje.

Watu wa mitaani wanawafahamu wamisionari vijana wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho: wawili wawili, beji nyeusi yenye jina kifuani, wavulana kwa miezi 24 na wasichana kwa miezi 18. Ambacho wengi hawakijui ni kwamba mume na mke waliokwisha kulea watoto wao nao huitwa, kwa miezi 6, 12, 18 au 23 kadiri watakavyoweza, na kwamba hujigharamia wenyewe. Kodi ya nyumba tunailipa kwa pensheni ya mzee na fedha za maembe, na watoto wanatuongezea kidogo kwa M-Pesa mwisho wa mwezi. Hatuzunguki kubisha milango kutwa nzima kama wale vijana. Rais wa misheni, kiongozi wa wamisionari wa eneo letu, alitupangia kazi tatu: kuhudumu hekaluni, kuwatembelea watu majumbani pamoja na viongozi wa kata, yaani usharika wetu wa mtaani, na kusaidia katika masomo ya kujitegemea.

Jumatatu ni siku ya matayarisho, yaani kufua, kwenda sokoni na kuwapigia watoto simu.

Jumanne na Ijumaa tunaondoka nyumbani kabla hakujapambazuka. Hekalu, ambalo ni nyumba ya ibada za pekee wala si kanisa la Jumapili, liko Mountain View, kando ya barabara ya Waiyaki, na kutoka Umoja ni lazima kushuka mjini na kupanda matatu nyingine, kwa hiyo kuchelewa ni rahisi sana. Unajua jinsi tulivyolisubiri hekalu hili. Lilitangazwa Aprili 2017, ujenzi ukazinduliwa Septemba 2021, na likawekwa wakfu tarehe 18 Mei 2025, la kwanza katika nchi yetu. Kabla ya hapo Wakenya walikuwa wakienda Johannesburg, na kwa mtu wa Makueni anayetegemea mvua, pasipoti na nauli ya watu wawili kufika Afrika Kusini ilikuwa ni kuuza ng'ombe au kuacha kabisa. Wapo waliofariki wakiwa bado wanaweka akiba. Ninapowapokea wazee waliotoka upande wa Chyulu kwa basi la usiku, mama akiwa na kanga begani na viatu vilivyojaa vumbi, wakiwa wamekuja kuunganishwa kama mume na mke kwa milele, huwa nawakumbuka hao waliofariki, na siwezi kuiona kazi ya kuonyesha mtu mahali pa kubadilishia nguo kuwa ndogo. Ibada zenyewe ni takatifu kwetu, na sitaziandika hapa.

Sasa nikuelezee Jumatano na Alhamisi, kwa maana hapo ndipo swali lako linapojibiwa. Vijana wa misheni hufundisha familia nyingi huku Kayole na Umoja, na mara kwa mara hukuta mume na mke waliokaa pamoja miaka na miaka, wana watoto shuleni, wala hawajawahi kufunga ndoa. Kanisa halimbatizi mtu anayeishi hivyo mpaka ndoa iwe halali. Sasa fikiria kijana wa miaka 19, pengine ametoka Uganda au Marekani, amwulize fundi wa kuchomelea mageti mwenye mvi kwa nini hakumaliza mahari ya mke wake. Hawezi, na akiweza hatajibiwa. Hapo ndipo tunapoitwa sisi.

Kuna familia moja, nayo imeniruhusu niieleze bila kuitaja, inayokaa orofa ya tano katika jengo lisilo na lifti. Tulipanda tukipumzika kila orofa, mzee akishika ukuta, tukipita kati ya nguo zilizoanikwa na mitungi ya maji iliyopangwa kwenye ngazi kwa ajili ya siku za mgao. Yule baba alitukaribisha vizuri, akatuagizia soda, akazungumza juu ya kila kitu isipokuwa ndoa. Shemeji yako hakumharakisha. Alimwuliza habari za kazi, bei ya vyuma, kijijini kwao ni wapi, na jina la babu yake. Juma lililofuata tulipanda tena. Ilikuwa safari nyingine baadaye, mkewe akiwa ameenda kuchota maji, ndipo alipotuambia kwamba hakuwahi kupeleka mbuzi wa ntheo, wale wa mahari ya Kikamba, kwa wakwe zake, na kwamba kwa miaka yote hiyo hajawahi kukanyaga boma la baba mkwe wake, hata kulipokuwa na msiba. Aliamini kwamba akienda kuandikisha ndoa serikalini kabla ya hao mbuzi atakuwa amewatukana wazee mara ya pili.

Wewe unajua uzito wa jambo hilo, kwa kuwa unajua bila ntheo mwanamke kwetu hahesabiwi kuwa mke. Mzee alimpigia simu baba mkwe huko Machakos. Walizungumza juu ya mvua, juu ya bandari ya Mombasa ambako kumbe wote wawili waliwahi kufanya kazi, na juu ya watu waliofariki, kabla ya kuwafikia mbuzi. Tuliwasindikiza Jumamosi moja. Mbuzi walipelekwa, mazungumzo yakachukua mchana kutwa, na yule fundi akala chakula katika nyumba ya mama mkwe wake kwa mara ya kwanza. Mimi nilikaa jikoni na akina mama, na naamini yaliyozungumzwa jikoni ndiyo yaliyoharakisha yaliyozungumzwa chini ya mti.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya karatasi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka ilani ya siku 21 kabla ya ndoa ya kiserikali, kwa hiyo kulikuwa na maombi ya kujaza eCitizen kwenye saiba, vitambulisho, picha, hati za kiapo, kisha safari za Sheria House, kwa msajili wa ndoa. Siku yenyewe sheria inataka mashahidi wawili, na mashahidi walikuwa shemeji yako na mimi. Watoto wao walikuja wamevaa sare za shule, kwa kuwa ndizo nguo zao nzuri kuliko zote, na mama yao alikuwa amezipiga pasi mpaka marinda ya sketi yakasimama. Walibatizwa mwezi huo huo. Ukiniuliza kama kazi hiyo ingefanywa na vijana, nitakuambia vijana ndio waliopata familia hiyo na kuifundisha, nasi tusingewafahamu bila wao, lakini palipohitajika mtu wa kukaa na wazee palihitaji mzee.

Mdogo wangu, kuna jambo jingine ambalo sikulitarajia nilipokubali wito huu, na ndilo hasa lililonifanya nikuandikie kwa urefu. Unajua ndoa yangu ilivyokuwa, kwa kuwa yako ni hivyo hivyo, na ya mama yetu ilikuwa hivyo. Mume yuko Mombasa, mke yuko shambani. Tulionana mwisho wa mwezi akipata ruhusa, na likizo ya Desemba, na kila alipokuja kulikuwa na ada za shule za kupanga, paa la kurekebisha na wageni wa kupikia. Tulilea watoto vizuri kwa namna hiyo wala simlaumu mtu, kwa sababu ndivyo kazi ilivyopatikana. Hata hivyo alipostaafu na kurudi nyumbani, tulijikuta wazee wawili wenye desturi mbili. Yeye alikaa chini ya mwembe akisubiri chai ya saa nne. Mimi nilikuwa shambani, au kwenye chama, au kanisani na akina mama. Tulikutana jioni, tukala, tukalala. Hatukugombana. Hatukujua tu siku ya mwenzetu inakuwaje.

Huku tunafanya kazi moja. Mtu anapotufungulia mlango, anatuona wote wawili. Nimemfahamu mume wangu akiwa kazini, jambo ambalo wenzake wa bandarini walilijua miaka yote nami sikulijua: kwamba ana subira kubwa kwa wanaume wanaoona haya, kwamba hawezi kuvumilia mtu anayemkatiza mke wake maneno, na kwamba ana daftari dogo la mraba ambamo huandika jina la kila mtu tuliyemtembelea na jambo moja alilolisema, ili asubuhi awaombee kwa majina, kwa sauti, bila haraka. Yeye naye amejifunza kwamba mimi hukaa kimya ninapofikiri, si kwa hasira. Hutoa ushauri mapema, nami hupenda kungoja, na tukiwa kwenye ngazi tunashuka tunalijadili jambo hilo, yeye akikubali siku moja na mimi siku nyingine. Jioni yeye ndiye anayechambua maharagwe mezani, miwani ikiwa puani, nami nikikatakata sukuma wiki, tukizungumza juu ya watu tuliowaona. Kwa miaka yote ya ndoa yetu hatujawahi kuzungumza hivi siku ya kazi.

Jumamosi alasiri ni masomo ya kujitegemea, kikundi kidogo kinachokutana kwa majuma 12 katika chumba cha kanisa. Wengi ni akina mama wa biashara ndogo. Mmoja hukaanga mandazi karibu na stendi, na alikuwa na hakika anapata faida kwa kuwa kila jioni alishika noti mkononi. Tuliandika naye ubaoni unga, mafuta, sukari na hamira. Kisha nikamwuliza makaa ananunua kwa kiasi gani na watoto wanakula mandazi mangapi kabla ya kwenda shule, akanyamaza, akachukua chaki mwenyewe akaandika. Sasa anaandika kila siku, na pesa za biashara haziko tena katika pochi moja na pesa za nyumba. Mambo haya wewe umeyafanya miaka mingi ukiwa mweka hazina wa chama chenu, na unafahamu kuyaeleza kuliko mimi. Ndiyo maana nasema mnahitajika.

Jumapili ibada ni saa mbili tu, lakini kwetu hujaza siku nzima, kwa kuwa baadaye kuna wagonjwa na wajane wa kuwaona. Jumapili ya kwanza ya mwezi tunafunga milo miwili na kutoa sadaka ya mfungo kwa ajili ya wenye shida, nasi huona kwa macho yetu inakokwenda.

Sikufichi gharama yake. Tumekosa mazishi ambayo tulistahili kuwa mbele. Mjukuu wetu mdogo alianza kutembea tukaona kwenye simu. Kuna juma ambalo familia tuliyoipenda ilituambia tusirudi tena, na mzee hakula jioni ile. Pensheni ikichelewa tunahesabu nauli. Ukiniuliza kama ningependa kurudi kuanza upya nikiyajua haya yote, nitakuambia ningekuja, tena mapema zaidi, magoti ya mzee yakiwa bado na nguvu ya ngazi za Kayole.

Basi kama mnaelekea kuamua, anzeni na askofu wenu. Yeye ndiye atakayewafungulia maombi, kisha mtaonana na rais wa kigingi, yule anayesimamia kata kadhaa. Nendeni kwa daktari wa mwili na wa meno mapema, kwa sababu fomu za afya ndizo zilizotuchelewesha sisi. Tafuteni mtu wa kuangalia ng'ombe na mkae naye msimu mmoja kabla hamjaondoka, muone anavyofanya kazi mkiwapo. Waambieni watoto wote kwa pamoja, siku moja, ili asiwepo wa kusikia kwa mwenzake. Na shemeji akisema hajui kuhubiri, mwambie mume wangu pia hajui, wala hajawahi kuombwa ahubiri. Ameombwa kukaa na watu.

Mkija Nairobi kabla ya hapo, njooni siku ya Jumatatu, maana siku nyingine hamtatukuta mpaka jioni. Mkikaa hadi Jumatano tutawachukua Kayole mwone wenyewe. Niletee muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, huu wa madukani haukobolewi vizuri.

Ni mimi dada yako.