Msituchagulie vijana wasiokosea

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma mara mbili barua ya msomaji mwenzangu mliyoichapisha wiki iliyopita, ile iliyolalamika kwamba riwaya tunazosomeshwa kuhusu vijana zimejaa watoro, waongo na watoto wasioheshimu wakubwa, na kwamba ingefaa wanafunzi tupewe hadithi za vijana wa kuigwa tu. Ameandika kwa uchungu wa mzazi, na uchungu huo nauheshimu. Lakini anayesomeshwa vitabu hivyo ni mimi. Nipo mwaka wa pili chuoni, nasoma fasihi, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikizisoma riwaya za makuzi, yaani zile zinazomfuata mtoto tangu utotoni hadi anapoanza kujijua. Naomba nafasi nieleze zilinifanya nini.

Nianze na fomu moja ya shule.

Nilikuwa na miaka 15. Kaka yangu mkubwa alinisindikiza kujaza fomu ya usajili. Yeye ndiye aliyenilea, na aliacha masomo mapema akaingia kazini ili mimi nisome. Husoma kwa kuweka kidole chini ya mstari huku midomo ikimchezacheza, na akiandika huandika kwa herufi kubwa, moja moja, kama mtu anayepanga matofali. Siku hiyo alipewa kalamu aandike jina lake penye nafasi ya mzazi au mlezi. Akaandika herufi mbili. Nyuma yetu kulikuwa na foleni, na katika foleni hiyo walikuwamo wanafunzi wawili ambao nilitamani sana wanione mtu wa maana. Nikamnyang'anya kalamu nikalimalizia jina lake mwenyewe. Hakusema kitu. Aliurudisha mkono taratibu mfukoni. Fomu ikagongwa muhuri, tukaondoka.

Sikulifikiria tena jambo hilo hadi miaka mitatu baadaye, nilipofika sura ya 27 ya Great Expectations ya Charles Dickens.

Kwa asiyeijua: Pip ni yatima aliyelelewa na dada yake na shemeji yake Joe, mhunzi mpole ambaye katika maandishi yote ya dunia anachoweza kukitambua ni J na O za jina lake. Pip anapata fedha kutoka kwa mfadhili asiyemjua na kuhamia London ili afundwe uungwana. Joe anakuja kumtembelea. Pip anakiri waziwazi kwamba laiti angeweza kumzuia asije kwa kulipa fedha, angelipa. Joe anaingia na hajui kofia yake aiweke wapi. Anaiweka pembeni mwa rafu iliyo juu ya meko, inaanguka, anairukia, anairudisha, inaanguka tena. Mara anamwita Pip kwa jina, mara anamwita bwana. Pip anakereka, na kadiri anavyokereka ndivyo Joe anavyozidi kukosa pa kuiweka mikono yake.

Nilikifunga kitabu. Nilikuwa nimeuona mkono wa kaka yangu ukirudi mfukoni.

Sasa namwuliza mwandishi wa barua ile, kwa heshima zote. Kama Pip angekuwa kijana wa kuigwa, angempokea Joe kwa mikono miwili, angemkalisha, angeitundika ile kofia kwa mkono wake mwenyewe. Mimi ningesoma, ningekubali kwamba hivyo ndivyo inavyopasa, na ningefungua ukurasa unaofuata. Kwani ni nani ambaye hakuwahi kuniambia niwaheshimu walionilea? Methali ya mwacha asili ni mtumwa niliijua kwa moyo. Nilikuwa nimekwisha kuiandikia insha nikapata alama nzuri. Siku ya fomu haikunijia hata kidogo. Aliyenifikia ni kijana aliyekosea kama nilivyokosea, kisha akapata ujasiri wa kulisimulia kosa lake bila kulipunguza.

Hapo ndipo penye siri ya riwaya ya namna hii, na ndipo ninapodhani msomaji mwenzangu amepapita haraka. Ndani yake mna sauti mbili. Yupo mtoto anayetenda na yupo mtu mzima anayesimulia, nao ni mtu mmoja. Mtoto anaona aibu kwa ajili ya kofia, mtu mzima anaona aibu kwa ajili ya ile aibu. Msomaji anakaa katikati yao. Hakuna mahali Pip anapotutaka tumwige. Anachofanya ni kutuonyesha jinsi mtu anavyorudi nyuma kujitazama, na hilo sikuwahi kufundishwa na mhusika asiye na doa.

Kisa hiki nilikiandika. Tulipewa swali la kueleza mafunzo manne yanayopatikana katika kitabu, na mimi nikaandika kurasa tatu kuhusu kofia na kalamu. Zilirudi zikiwa na maneno manne kwa wino mwekundu: "Umetoka nje ya swali." Kwa kanuni za mtihani, mwalimu wangu alikuwa na haki. Nilirudia, nikayapanga mafunzo manne kwa namba, nikafaulu. Katika manne yale hakuna hata moja lililonihusu.

Ndiyo maana nilipofika chuoni na kukutana na Holden wa The Catcher in the Rye, kitabu cha J. D. Salinger cha mwaka 1951, nilimsamehe mambo mengi ambayo bila shaka yamo katika orodha ya msomaji mwenzangu. Ni kweli anadanganya, anavuta sigara, amefukuzwa shule. Lakini yupo mwanafunzi anayeishi naye chumba kimoja ambaye anamwomba amwandikie insha ya darasani, insha ya kueleza chumba au nyumba. Holden anakaa na hakuna chumba kinachomjia kichwani. Kinachomjia ni glavu ya besiboli ya mdogo wake Allie, aliyekufa kwa saratani ya damu. Allie alikuwa ameiandika mashairi kwa wino wa kijani, kwenye vidole vyake vyote, ili apate cha kusoma akiwa uwanjani wakati hakuna mchezaji aliye zamuni kupiga mpira. Holden anaiandikia insha glavu hiyo. Mwenzake anarudi, anaisoma, anakasirika: aliomba chumba au nyumba, si glavu. Holden anaichukua insha na kuichana.

Nilipofika hapo nilikaa muda mrefu sana. Watu husema Holden ni mkorofi asiyejua anachotaka. Mimi naona ni mtoto aliyefiwa, na mara moja tu alipojaribu kulisema lile lililomkaa moyoni aliambiwa hajajibu swali.

Msidhani kila mhusika wa aina hii nampenda papo hapo. Tambu, katika Nervous Conditions ya Tsitsi Dangarembga (1988), anaanza simulizi yake kwa kutamka kwamba hakuhuzunika kaka yake alipokufa. Mimi, niliyelelewa na kaka, nilimchukia kwa kurasa kadhaa. Halafu nikaanza kumwona huyo kaka, Nhamo. Yeye ndiye aliyechaguliwa kusoma. Ada ya Tambu ilipokosekana, msichana yule aliomba mbegu, akalima shamba lake la mahindi apate ya kuuza, na Nhamo akayaiba mahindi hayo na kuwagawia wenzake. Akirudi likizo kutoka shule ya misheni anataka dada zake wambebee mizigo, na Kishona, lugha ya mama yake, anadai amekisahau. Nilikuwa nimekifungua kitabu nikitarajia kujiona katika Tambu, kama kila msomaji anavyotarajia kujiona katika mwenye kusimulia. Nikajiona katika Nhamo. Mimi nami ndiye niliyechaguliwa kusoma, na kuna mtu aliyenibebea mizigo. Uchungu wa ugunduzi huo nausikia hadi leo, na sitaki kuondolewa.

Msomaji mwenzangu amependekeza vitabu vya namna hii viondolewe. Jambo hilo lilikwisha kufanywa, tena kwa riwaya yetu ya Kiswahili. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971 na kwa muda ikapigwa marufuku shuleni nchini Tanzania. Naomba tukumbuke inamhusu nani. Inamhusu msichana ambaye baba yake, Zakaria, anamlinda kwa fimbo. Anapigwa kwa sababu ya barua ya mvulana, anakua bila kuzoeshwa kuzungumza na wavulana wala kuambiwa lolote juu yao, na siku anapotoka chini ya macho ya baba hana anachokijua cha kumsaidia kujilinda. Kisha kitabu kinachoeleza madhara ya kumficha msichana ulimwengu kikafichwa wasichana. Baadaye kilirudi, kikasomwa, na bado kinasomwa. Mimi nilikisoma nikiwa na miaka 17 na nililia mwishoni. Sikutoka mle nikitaka kuishi kama Rosa. Nilitoka nikitaka kumwuliza mtu maswali ambayo Rosa hakuwa na wa kumwuliza.

Hapa kuna jambo ambalo nakubaliana na barua ile. Kitabu kama hicho si cha kumwachia mtoto wa miaka 13 peke yake usiku na kifo cha mwishoni. Ni kizito. Anahitaji mkubwa aliyekisoma, atakayekaa naye bila kuona haya. Lakini hilo linamdai mkubwa asome kwanza, na naogopa tunakitaka kitabu kiondolewe kwa sababu sisi wenyewe hatutaki mazungumzo hayo.

Linaloniumiza zaidi ya wahusika wabaya ni miongozo. Wengi wetu hatusomi riwaya, tunasoma vijitabu vya muhtasari: mhusika fulani, sifa zake tano, dhamira, ujumbe. Kwa aina nyingine za hadithi huenda hasara ni ndogo. Kwa riwaya ya makuzi, muhtasari huondoa kitu chenyewe, kwa kuwa kukua hakuna muhtasari. Great Expectations ilitoka kwanza katika jarida, sehemu 36, moja kila wiki, kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861. Wasomaji wake wa kwanza walikaa na Pip miezi minane. Walipata wiki nzima ya kumkasirikia kabla ya kumwona tena. Na Dickens mwenyewe aliandika miisho miwili: ule wa kwanza aliubadilisha kabla haujachapishwa, kwa ushauri wa rafiki yake mwandishi. Nimeisoma yote miwili na nisingeweza kuapa upi ni wa kweli. Sasa nawaza ni mwongozo gani utakaoniambia kwa sentensi moja Pip alijifunza nini, wakati aliyemwumba alisita kuhusu alikoishia.

Ninachowaomba walimu na watunga mitihani ni kidogo. Tupeni kitabu kizima na muda wa kukisoma. Ulizeni dhamira na mafunzo, sawa, ni kazi yenu. Lakini acheni swali moja, hata la alama chache, linalomwuliza mwanafunzi ni ukurasa gani uliomfanya akifunge kitabu, na kwa nini. Majibu hayatafanana na itakuwa vigumu kuyasahihisha, najua. Darasani kwetu tulikuwa na watoto waliofiwa, waliohamishwa kwa jamaa, walioona aibu kwa ajili ya viatu vya baba zao, na mwaka mzima tuliorodhesha sifa za Pip bila hata mmoja wetu kupata nafasi ya kusema lolote kati ya hayo.

Likizo iliyopita nilimweleza kaka habari za ile fomu. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi kwa maneno mengi. Aliniambia anaikumbuka. "Ulikuwa na haraka, mdogo wangu," akasema, kisha akanyamaza kidogo. Nikamweleza nilivyoikumbuka, nikamsimulia Joe na kofia yake. Alichouliza ni kimoja: huyo Joe, mwisho wake alijua kuandika?

Nikamwambia alijua. Biddy, msichana wa kijijini kwao, alimfundisha. Pip anapopata nafuu baada ya kuugua sana, anamtazama kutoka kitandani akikaa mezani kuandika barua. Joe anakunja mikono ya shati kama anayekwenda kushika nyundo. Anaamini kidau cha wino kiko upande ambao hakipo, basi anachovya kalamu hewani na kuridhika. Anapomaliza anaondoa tone la wino karatasini kwa vidole viwili, na kulipangusia utosini mwake.

Kaka alicheka sana hapo penye kidau, akataka nimrudilie. Nikamrudilia, nikimfasiria sentensi kwa sentensi. Kisha akaniomba kitabu akishike mwenyewe, akaweka kidole juu ya ukurasa na kuanza kuitafuta J.

Wako,
Mwanafunzi wa fasihi, mwaka wa pili
(Jina limehifadhiwa)