Barua kwa rafiki wa Arua: "yaani", "eee" na "nini?" mbele ya maiki

Jinja

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Jinja. Natumai u mzima, na jamaa wote hapo nyumbani hawajambo. Barua yako imenifikia, na nimefurahi mno kusikia kwamba kipindi cha Kiswahili kimepewa nafasi ya jioni redioni kwenu. Umeniuliza ufanye nini na hizo "yaani", "eee", "sasa" na "nini" zinazowajaa midomoni watangazaji wako, ambazo wasikilizaji wameanza kuzinung'unikia. Nakujibu kwa kirefu, kwa sababu naogopa usije ukawapiga vijana marufuku kusema "eee" kabla hujajua hiyo "eee" inawafanyia kazi gani.

Kazi inayo. Mwaka 2009 watafiti waliolinganisha lugha kumi walikuta kwamba mtu akiulizwa swali la ndiyo au hapana, huanza kujibu kwa wastani baada ya kama milisekunde 200, sehemu ya tano tu ya sekunde. Kulitafuta neno moja kichwani na kulitoa mdomoni huchukua zaidi ya nusu sekunde. Kwa hiyo katika maongezi ya kawaida tunafungua mdomo kabla hatujawa tayari, na sauti ndogo inatushikia nafasi ili mwenzetu asiingilie. Wanasaikolojia Herbert Clark na Jean Fox Tree walionyesha mwaka 2002, kwa Kiingereza, kwamba hata sauti hizo hazifanani: "uh" hufuatwa na kimya kifupi, "um" hufuatwa na kimya kirefu. Msemaji anampa msikilizaji taarifa bila mwenyewe kujua.

Sasa mweke msemaji huyo studioni peke yake. Hakuna wa kumnyang'anya zamu, lakini mdomo bado unalinda nafasi. Hapo ndipo "eee" inapokosa kazi na kubaki kelele. Ndiyo maana mtangazaji yuleyule anaweza kupendeza sana akizungumza na mgeni, kisha akachosha akibaki na maiki yake. Usimhukumu kwa sampuli moja.

Jambo la kwanza la kutazama ni mahali neno linapokaa. Mwanzoni mwa sentensi utakuta "Sasa…", "Kwa hiyo…", "Eee, ndugu wasikilizaji…". Hapo msemaji ameanza safari kabla hajajua anakwenda wapi. Dawa yake ni nyepesi: sentensi ya kwanza ya kila sehemu iandikwe yote, neno kwa neno, na asemaye aijue kwa moyo. Zinazofuata aandikiwe maneno matatu hadi matano tu kwenye kadi. Ukimwandikia kila kitu, "eee" zitakwisha kweli, ila atasikika kama mtu anayesoma tangazo la mnada.

Katikati ya sentensi ndiko kwenye kazi kubwa, hasa kwetu Uganda. Sikiliza hii: "Serikali imeleta hii… hii nini… ile… mashine ya maji." Kijana amesema "hii" kabla hajalishika jina la kitu chenyewe, na Kiswahili kinamdai ngeli papo hapo: ni hii, hiki, huu au hili? Anajaribu mlango mmoja, anajaribu wa pili, na katikati anatupa "nini". Mwenye Kilugbara cha huko kwenu Arua kama lugha ya mama hana mfumo wa ngeli nyumbani, kwa hiyo mtego huu humnasa mara kwa mara. Muganda ana ngeli zake, nyingi zikikaribiana na zetu, na kwa kawaida hakwami hapo. Yeye hukwama kwenye viungo vya sentensi, ambako "nti" (kwamba) na "kati" (sasa) za Luganda humponyoka.

Wa Kilugbara wafundishe kutanguliza jina. "Mashine hii ya maji", "mradi huu wa barabara". Ndio mpangilio wa kawaida wa Kiswahili hata hivyo, na jina likishatoka, upatanisho hulifuata bila kuvutana. Kwenye kadi, jina lisiandikwe peke yake. Aandike "mradi: huu, wa, una, umeanza", "maji: haya, ya, yana, yamekatika". Kwa kipindi cha nusu saa, majina sita au saba yanatosha, yale tu atakayoyarudia. Utashangaa jinsi "nini" zinavyopungua bila wewe kuzitaja kabisa.

Namba ni mahali pengine pa kukwama. Watu wetu wamezoea kutaja bei na tarehe kwa Kiingereza, basi wakilazimika kutumia Kiswahili hujaza "eee" mbele ya kila tarakimu. Wape zoezi la kusoma bei za soko kwa sauti kila siku kabla ya kipindi: kilo ya maharage shilingi elfu nne na mia tano, debe la mihogo, mkungu wa matoke. Na miaka pia: mwaka 2005, Katiba iliporekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, mwaka 2022, Baraza la Mawaziri lilipoamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Miaka hiyo wataitaja sana katika kipindi kama chenu, basi na izoee ulimi.

Mwishoni mwa sentensi kuna "sawa?", "si ndiyo?", "umenielewa?". Huyo anatafuta kichwa cha kumwitikia. Mketishe mtu halisi mbele yake, upande wa pili wa kioo, amtazame na kutikisa kichwa. Pasipo mtu, afundishwe kushusha sauti kwenye neno la mwisho na kunyamaza.

Nimeiacha kwa makusudi ile tabia inayonikera kuliko zote, na wewe unaijua: "Wakulima wanahitaji nini? Wanahitaji mbegu. Mbegu watazipata wapi? Watazipata wilayani." Kuanzia darasani hadi madhabahuni na kwenye jukwaa la siasa, Uganda nzima inaongea hivi, kwa kila lugha. Asili yake ni njema. Mwalimu mwenye watoto themanini akiuliza "Maji yanachemka kwa nini?", au akiacha neno nusu, "Tunanawa mi…" na darasa likamalizia "…kono!", amewaamsha waliosinzia na amempa kila mmoja zamu ya kufungua mdomo. Hata darasani, hata hivyo, kiitikio cha pamoja hakimwonyeshi aliyeelewa na asiyeelewa, kwa sababu mtoto anaweza kukisia silabi ya mwisho bila kujua lolote.

Redioni hakuna wa kuitikia. "Wakulima wanahitaji mbegu" ni maneno matatu; likiingia swali yanakuwa matano, na kitenzi kimetajwa mara mbili. Baya zaidi, msikilizaji anapewa swali, anaanza kulifikiria, na kabla hajafika jibu limemwangukia. Rudia hivyo kila sentensi, ataacha kufikiri. Mimi ningewaruhusu swali moja kwa kila sehemu ya kipindi, tena liwe swali ambalo jibu lake linangojewa kweli, na lifuatwe na kimya cha sekunde nzima.

Kuna na maneno ya kujazia yaliyovaa suti. Hayasikiki kama "eee", kwa hiyo wahariri huyapitisha: "suala zima la elimu", "katika kuhakikisha kwamba", "hivyo basi", na hilo "kuweza" lisilo na uwezo wowote ndani yake, kama "tuliweza kufika, tukaweza kuonana na mwenyekiti, akaweza kutueleza". Ondoa: tulifika, tukaonana na mwenyekiti, akatueleza. Hakuna kilichopotea. Kwa masikio yangu "yaani" kumi za mtu anayefikiri zina heri kuliko "suala zima" moja.

Lakini usikate kila kinachojirudia. Kiswahili kinarudia kwa maana. "Wape vidonge viwili" ni viwili kwa wote; "wape vidonge viwili viwili" ni viwili kwa kila mmoja. Mhariri mwenye haraka akidhani neno limejirudia kwa bahati mbaya na kulifuta, amebadilisha kipimo cha dawa katika tangazo la afya. "Mmoja mmoja", "hapa hapa", "kidogo kidogo" ziachwe zilivyo. Na "nanihii" ya nyumbani, inayokubali hata viambishi, "amenanihii mlango", ni chombo kizuri cha kushikilia nafasi ya kitenzi kilichopotea. Ila maiki si mahali pake.

Ziache pia "mmh" na "eeh" za kumsikiliza mtu. Unajua salamu za Kiganda zinavyokwenda, "mmm" huku na "eee" kule hata baada ya habari kwisha; anayenyamaza anaonekana amekasirika. Kwenye simu ni hivyo hivyo: ukikaa kimya, mpigaji atauliza "Upo?" na kupoteza uzi. Kwa mgeni aliye studioni, mtangazaji atikise kichwa, kwa maana "mmh" iliyolalia juu ya sauti ya mgeni haitengeki wakati wa kuhariri. Kwa mpiga simu, atoe "mmh" moja mwishoni mwa sentensi, si katikati. Aangalie tu kidatu cha sauti, kwa sababu "mmh" ya kukubali na ile ya kukataa zinakaribiana sana, na laini mbovu huifuta tofauti yao.

Mazoezi yenyewe ni haya. Rekodi kila mmoja kwa simu, dakika tatu, akizungumza bila kusoma. Ayaandike mwenyewe yote aliyoyasema, pamoja na kila "eee", kila neno lililokatika. Itamchukua karibu nusu saa, na hiyo nusu saa ndiyo inayofundisha, usimfanyie wewe. Azungushie duara kila neno la kujazia, kisha apige mstari chini ya neno linalofuata. Mistari hiyo itamwonyesha tatizo lake: akiona majina ya vitu, ni ngeli, akiona tarakimu, ni namba.

Achague neno moja tu kwa wiki. Mwaka 1973 wanasaikolojia Nathan Azrin na R. Gregory Nunn walieleza njia ya kuacha mazoea ambayo kiini chake ni hiki: litambue zoea linapokaribia, kisha fanya kitendo ambacho hakiwezi kufanyika pamoja nalo. Hapa kitendo ni kufunga midomo na kuvuta pumzi kwa pua. Kufunga midomo peke yake hakutoshi, "mmm" itapenya. Ni pumzi inayoingia ndiyo inayozuia sauti kutoka. Nusu sekunde hiyo msemaji ataiona ndefu kama foleni ya benki, na msikilizaji hataisikia.

Yatakayoharibika nayajua. Utaondoa "yaani", na wiki ya pili "kwa maana hiyo" itakaa palepale. Hiyo ni dalili kwamba kijana amebadilisha neno bila kupanga sentensi, mrudishe kwenye kadi. Mwingine atajihesabu huku akisema na kupotea kabisa. Kuhesabu ni kazi ya mtu mwingine: katika mikutano ya Toastmasters, jumuiya ya kujifunza kuhutubia iliyoanzia California mwaka 1924, mwanachama mmoja hukabidhiwa kazi hiyo na kutoa ripoti mwishoni. Nanyi fanyeni hivyo, mwishoni, faraghani, bila kengele wala kicheko. Anayechekwa huogopa, na woga huzaa "eee" zaidi.

Kwenye kuhariri, usifagie zote. "Eee" iliyoshikana na neno ukiikata, herufi ya kwanza ya neno huondoka nayo. Kata zile tu zenye kimya pande zote mbili, uache pumzi moja mahali pake. Kabla ya kila mahojiano rekodi sekunde 30 za chumba kikiwa kimya, ili uwe na kiraka cha sauti ileile ya chumba. Bila hicho, mkato husikika kama shimo.

Jambo la mwisho ni zito. Umeandika kwamba mmoja wao hurudia sauti ya kwanza ya neno, "m-m-m-mradi", na shingo hukaza. Hilo si zoea, ni kigugumizi, na mazoezi haya yote hayamhusu. Usimhesabie, usimmalizie neno, usimwambie "pole pole". Msubiri, mtazame usoni kama kawaida. Akitaka msaada, Makerere inafundisha wataalamu wa tiba ya usemi. Muulize daktari wa hospitali ya rufaa hapo Arua akuelekeze kwa aliye karibu. Wala usimwondoe hewani kwa sababu hiyo, nakuomba.

Wiki ya kwanza ikiisha, nitumie kurasa zao walizoziandika kwa mkono. Rekodi peke yake hainitoshi, nataka kuona mistari imepigwa chini ya maneno gani, ndipo nikuandikie kadi za kuanzia. Wasalimie wazee na watoto.

Wako daima,
mwenzio wa Jinja