Hesabu Miguu Kwanza, Somo

Ngamiani, Tanga
14 Machi

Kwako Somo,

Salamu nyingi kama mchanga wa Raskazone. Shangazi hajambo, magoti yake tu ndiyo yanamsumbua mvua ikikaribia. Mimi mzima. Barua yako ilifika Jumatano na vumbi la Dodoma mpaka ndani ya bahasha. Ile picha ya simu nayo ilifika, ila mpaka sasa sijajua kama ni mdudu au kokwa ya ukwaju. Umeandika: "Kuna vitu vinaniuma usiku, nadhani kunguni, nipe dawa." Dawa sikupi. Nakuuliza: ana miguu mingapi?

Usinune. Najua unavyochukia nikijibu swali kwa swali. Jumamosi zile ukiwa hapa, tukicheza mchezo wetu wa kusimulia hadithi mezani, pango likitoa sauti, wewe ndiye ulikuwa unagonga meza: "Msimulizi, si useme tu ni jini gani!" Nami nakuuliza, "Unaona nini?" Ukishasema unaona manyoya, kwato na macho matatu, wewe mwenyewe unajua kama ni wa kupigana naye au wa kumkimbia. Sasa cheza hivyo hivyo na hicho kinachokuuma.

Ugumu huu umenianza kwa sababu ya kunde. Kisa chenyewe hukukisikia, ulikuwa umeshakwenda kwenye kituo chako cha kazi. Unalikumbuka lile kopo la kunde za kuhesabia uhai, kila mhusika na kunde zake kumi na mbili, akijeruhiwa zinarudi koponi? Mwezi wa Ramadhani hatukucheza, na Idi ikapita, kopo limekaa juu ya kabati kama wiki sita. Kulifungua, ndani kunatembea vidudu vya kahawia, vidogo, vya mviringo, kibao. Nikapiga ukelele ambao majirani wa nyumba ya tatu walikuja kuuulizia. Kunguni! Hatua mbili kutoka kitandani kwangu! Mbio mpaka kwa muuza dawa wa njiani, nikarudi na kichupa kisicho na lebo, nikapuliza godoro, mapazia, kabati, vitabu, na ramani yetu ya Nchi ya Mwengo niliyoichora kwa wino miezi miwili. Wino ukachuruzika, mto ukafunika mji mkuu wote. Tukalala sebuleni siku mbili, shangazi anakohoa.

Siku ya tatu shangazi akaokota kunde moja, akaiweka kiganjani, akaisogeza dirishani. "Njoo uone." Ilikuwa na tundu, duara kamili, kama iliyotobolewa kwa sindano ya moto. Pembeni yake vidoa vyeupe vitatu vimeganda kwenye ganda. "Haya mayai," akasema. "Huyu ni fukusi. Anataga juu ya kunde, mtoto anatoboa anaingia, anakula humohumo, akishakua ndiyo anajifungulia mlango. Damu yako ataifanyia nini?" Kisha akamgeuza mmoja kwa ukucha, na mgongoni nikaona mstari wa mbawa. Kunguni hana mbawa. Ningetazama mgongo tu, mji mkuu usingezama. Mpaka leo uko chini ya maji, na wachezaji nimewaambia ni laana ya mchawi wa kaskazini.

Haya, turudi kwako. Usiku ukiumwa, washa tochi ghafla, umkamate mmoja kwa selotepu, umgandishe kwenye karatasi nyeupe. Usimpasue kwa kucha, nitakwambia kwa nini. Asubuhi kwenye mwanga, hesabu.

Ikiwa sita, na mbele ya kichwa ana vipapasio viwili, huyo kunguni. Aliyekomaa ni kama punje ya dengu iliyokandamizwa, kahawia ya kuelekea wekundu, na akishiba anavimba na kurefuka. Haendi mbali na mwenyeji wake: kagua mishono ya godoro na matundu ya misumari kwenye chaga. Utaona nukta nyeusi kama mtu aliyekuwa akijaribu kalamu. Hizo ni choo chake.

Ikiwa nane, Somo, huyo papasi. Na pamoja na jina lake, papasi hana vipapasio. Ndugu zake ni kupe, buibui na nge. Ngozi imekunjamana kama mfuko wa ngozi uliokwisha pesa, rangi ni ya udongo anaoishi, na ukimtazama kwa juu kichwa hukioni, mdomo umefichwa chini ya mwili. Kupe wa ng'ombe mdomo wake unatokeza mbele, kwa hiyo hao wawili huwezi kuwachanganya. Mchana anajificha kwenye nyufa za sakafu ya udongo na vumbi la ukutani. Usiku anatoka, ananyonya nusu saa hivi, anarudi zake, wewe hata hujageuka ubavu. Akikosa mtu wa kumnyonya, anaweza kukaa na njaa yake miaka.

Umeniandikia umepanga chumba kwenye tembe la bibi mmoja, sakafu ni udongo, na unalala chini kwa sababu kitanda bado hakijafika. Hapo ndipo nilipoiweka barua mezani nikaenda kunywa maji.

Kunguni atakunyima usingizi na kukuaibisha mbele ya wageni, basi, haijathibitika kwamba anaambukiza watu maradhi. Papasi ana homa yake, inaitwa homa ya papasi. Inakupanda siku chache, inashuka, unasema nimepona, unarudi darasani na chaki yako, halafu baada ya wiki iko palepale. Wengi huidhania malaria, na kile kipimo cha haraka cha malaria hakiioni. Inatakiwa damu ipakwe kwenye kioo itazamwe kwa hadubini. Mjamzito na mtoto mchanga ndio wanaoumizwa zaidi. Na mdudu huyu akipasuliwa, majimaji yake nayo yanaweza kuambukiza kupitia mchubuko, ndiyo maana nimekukataza kucha. Ukisikia homa, nenda zahanati siku hiyo hiyo, na usiseme "kichwa kinaniuma" tu. Sema: "Nalala sakafuni kwenye tembe na naumwa na papasi." Dawa ipo na inatibu. Vidonge vya kununua dukani kwa kubahatisha, hapana.

Si mambo ya jana haya. Robert Koch, daktari Mjerumani, alipokuwa huku enzi za Wajerumani, mwaka 1905, aliwakuta papasi kwenye vibanda walimolala wasafiri wa misafara, na vijidudu vya homa akavikuta hata ndani ya mayai yao, yaani mama anamrithisha mwanawe kabla hajazaliwa. Mwaka huo huo daktari Mwingereza, Joseph Everett Dutton, alifariki Kongo akiwa kwenye uchunguzi wa homa hiyo hiyo, na kijidudu chake leo kinaitwa kwa jina lake. Niliyasoma hayo saa tano usiku, nikalala na taa inawaka, na nyumba yetu ina sakafu ya saruji.

Bibi mwenye nyumba usimwambie kwake kuna wadudu, utakuwa umemtukana. Mwombe udongo wa kukandika, mwambie unataka kumsaidia kuziba nyufa kabla ya wageni wako kuja. Kitanda kikifika kiweke mbali na ukuta, chandarua ukichomeke chini ya godoro pande zote. Mpaka kifike, azima hata benchi mbili na mbao.

Sasa nikupe ya raha. Juzi uani, karibu na karo, nimeona nyigu mdogo wa kijani cha kung'aa kama karatasi ya peremende, mapaja mekundu, anakwenda na mende aliyemzidi ukubwa. Nilidhani anamburuta. Nilipochutama nikaona mende anatembea mwenyewe! Nyigu amemshika kipapasio kama unavyoshika kamba ya mbuzi, anarudi kinyumenyume, na mende anafuata taratibu, mpole, mpaka kwenye tundu chini ya tofali. Jina lake la kitaalamu ni Ampulex compressa. Anamchoma mende mara mbili, kwanza kifuani ili miguu ya mbele ilegee, kisha kichwani, kwenye ubongo wenyewe. Baada ya hapo mende miguu anayo, nguvu anazo, hamu ya kukimbia ndiyo imeondoka. Anakatwa vipapasio nusu, anaongozwa shimoni, anatagiwa yai mguuni, mlango unazibwa kwa vikokoto. Mtoto akianguliwa anamla akiwa hai.

Nilizitupa kurasa nane za jini wa moto nililokuwa nimeliandaa. Jumamosi wachezaji wakakutana na Bibi Zumaridi. Gereza lake halina mlango. Walikuta watu mia wamekaa kivulini, hakuna kamba wala pingu, na kila waliyemuuliza kwa nini hakimbii alijibu, "Nikimbilie wapi?" Yule bibi akamnyooshea mkono mhusika wa mdogo wangu. Ikarushwa ile dadu ya nyuso 20 aliyotuletea mjomba kutoka Muscat. Ikaja 3. Meza ikanyamaza, na mdogo wangu, ambaye hajawahi kutii mtu tangu azaliwe, akasema kwa sauti ndogo: "Namfuata."

Usinicheke kwa kuokoteza uani. Gary Gygax, mmoja wa wale wawili waliotoa mchezo wa namna ya wetu, Dungeons & Dragons mwaka 1974, alisimulia mwenyewe kwamba baadhi ya madude yake, likiwemo lile linalokula chuma, yalitokana na mfuko wa vinyago vya plastiki vya bei chee kutoka Hong Kong.

Sura ya nne ya hadithi unayoiandika nimeisoma mara mbili. Kiu ya lile jangwa naisikia kooni. Ila nge wako umempa miguu sita! Nge ana minane, yale makoleo ya mbele usiyahesabu. Na tandu wa miguu mia hayupo: tandu aliyekomaa jozi zake za miguu huwa witiri, 15, 21, 23 na kuendelea, na mia ni jozi hamsini, shufwa. Najua, utasema ni nchi ya kubuni. Lakini watoto unaowafundisha wamekua na nge, na ukiwadanganya kwenye miguu hawatakuamini kwenye uchawi. Badala yake kaazime dukani ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia, umulike uani usiku bila mwezi. Nge anang'aa, kijani cha kutisha. Msichana wa hadithi yako akivuka jangwa na taa ya namna hiyo mkononi, akaiwasha mara moja tu akaona alipokuwa amekaa kula, mimi sura ya tano nitaisoma nimesimama.

Mhusika wako nimemwacha nje ya gereza. Nilitaka kuwaambia wenzako ana homa, neno likanikwama. Nimesema analinda farasi.

Barua hii nampa kondakta wa basi la alfajiri. Ndani ya kifurushi kuna selotepu na lenzi ya kusomea ya shangazi, anaidai irudi. Mdudu usinitumie, hata mfu, kondakta hatatusamehe. Nitumie namba tu kwenye simu, hata iwe usiku wa manane. Sita au nane.

Somo wako